Siku moja maishani mwangu: mikoko ya kufundishia wanafunzi, hori ya Tudor, Mombasa

Saa 12 asubuhi. Naanza na jedwali la maji kujaa na kupwa, ratiba ya darasa baadaye. Leo bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu: siku hizo hapa Mombasa maji hujaa alfajiri yakapwa kabisa mnamo saa 4. Kazi ya matopeni ni saa 2 na nusu hadi saa 5 na nusu, basi. Mhadhiri anayetaka kuleta wanafunzi saa 8 atakuta maji yamesharudi.

Saa 2. Mizigo: tepu ya kipenyo, kamba, penseli (wino hauvumilii tope), maji ya kunywa. Viatu viwe vya kufunga kamba. Gambuti hunaswa matopeni, mguu ukatoka peke yake.

Saa 3. Tunapima kipande cha msitu cha mita 10 kwa 10, kila mti wenye kipenyo cha sentimita 2.5 kwenda juu. Mchu na muia, aina mbili za miti ya hapa, hupimwa mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kuning'inia kama magongo, una mambo yake: mizizi ikipanda juu ya hapo, hesabu sentimita 30 kutoka mzizi wa juu kabisa. Wanafunzi hupenda kuzungusha tepu palipovimba. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 20, uzito wa mti unaokadiriwa huzidi kwa nusu hivi, na hesabu ya kaboni inaharibika yote. Visiki navyo viandikwe, kwa sababu wakataji huchukua boriti zilizonyooka na kuacha vipinda. Ukitazama kwa mbali utadhani msitu mzima.

Saa 4 na nusu. Chumvi. Chimba shimo, ngoja maji yajikusanye, weka tone kwenye kioo cha kipimo cha chumvi. Kabla ya hapo kipimo kisomeke sifuri kwa maji yaliyokenekwa (distilled). Bahari ni kama 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Kwenye michu ya juu, upande wa nchi kavu, yanakofika maji ya bamvua tu, huzidi.

Saa 5. Miche. Mkoko uliopandwa mbele, mahali pa mlilana, mti unaoota ukingoni mwa bahari, huangushwa na mawimbi na kulemewa na chaza wanaoganda. Tope nalo huua: mvua za El Niño za 1997–98 zilifukia mizizi kule hori ya Mwache, Mombasa, mikoko ikakauka imesimama.

Saa 8. Udongo tuliochota matopeni unaingia tanurini, nyuzi 60, hadi uzito usibadilike.

Saa 10. Takwimu. Mti "umesinyaa" sentimita 3 tangu mwaka jana? Uongo, umepimwa pengine. Dawa ni kupaka pete ya rangi pale pa kupimia, na kibao cha namba ya mti kipigiliwe mbali na pete, maana gome huvimba kuzunguka msumari.