Nilivyojifunza kusoma herufi za Kichina kwa mabango ya hospitali

Mwanafunzi wa udaktari anayesomea China kwa Kiingereza anaweza kumaliza miaka yote ya darasani akijua kusalimia, kuagiza chakula na kuomba apunguziwe bei sokoni. Ikifika zamu ya wodini mambo yanageuka. Mgonjwa ni mzee kutoka vijiji vya mkoa wa Henan, faili lake ni Kichina mwanzo mwisho, na juu ya kila mlango kuna bango la herufi tupu. Mimi nilisoma Zhengzhou, mji mkuu wa mkoa huo. Nilizishika herufi kwa bidii mapema, kabla ya mafunzo ya hospitali, kwa sababu sikutaka kusimama mbele ya mgonjwa nisiyeweza hata kusoma anaumwa nini.

Mwalimu wetu wa lugha alianza na michoro. 日 ni jua, ambalo zamani lilichorwa duara lenye alama katikati. 月 ni mwezi mwandamo. 木 ni mti wenye matawi na mizizi. Miti miwili, 林, ni kichaka cha miti, na mitatu, 森, ni msitu mnene. Mtu akisimama kando ya mti, 休, anapumzika. 田 ni shamba lililogawanywa vipande vinne, na madaftari ya kujifunzia kuandika yana viboksi vya umbo hilohilo ili herufi isiegemee upande.

Hatua hii ni tamu na simwambii mtu airuke. Ila herufi ambazo ni picha halisi ni chache, na anayengoja kuona picha katika kila herufi atakwama mapema. Xu Shen, msomi wa enzi ya Han aliyekamilisha kamusi yake karibu mwaka 100 BK, alieleza herufi 9,353 na kuzipanga chini ya vipande 540 vya msingi, vinavyoitwa bushou. Tayari wakati wake herufi nyingi zilikuwa za mwungano: kipande kimoja kinadokeza maana, kingine kinadokeza sauti. Leo herufi za namna hiyo ni zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya herufi mpya si "hii ni picha ya nini?" bali "upande upi ni maana, upande upi ni sauti?"

Mimi jambo hilo lilinikaa kichwani kupitia 包. Inasomeka bao, maana yake ni kufunga au kufungasha, na iko kwenye kila kibanda kinachouza baozi, yale maandazi ya mvuke yenye nyama ndani. Xu Shen anasema asili yake ni mtoto aliyemo tumboni mwa mama. Weka kipande cha mkono ubavuni: 抱, bao, kukumbatia. Weka cha chakula: 饱, bao, kushiba. Cha mguu: 跑, pao, kukimbia. Cha maji: 泡, pao, povu au kuloweka. Cha moto: 炮, pao, mzinga wa kivita. Cha nyama ya mwili: 胞, bao, ambayo ndiyo herufi ya pili katika neno la seli, 细胞. Ukurasa mmoja wa daftari ulibeba ukoo mzima, na hakuna hata mmoja wao aliyenitoka. Tangu hapo niliacha kuandika orodha ya msamiati kwa kufuata sura za kitabu. Kila kipande cha sauti kikapewa ukurasa wake, na kila herufi mpya niliyokutana nayo barabarani ilipelekwa kwa ndugu zake.

Kisha nikaenda kwenye vipande vya kazi yangu. Cha kwanza ni 疒. Ukikiona kimefunika herufi kwa juu na kushoto, ujue hapo pana ugonjwa. Katika maandishi ya kale ni mtu aliyelala kitandani, na vile vimistari viwili vya kushoto ni mabaki ya kitanda. Ndani yake huwekwa sauti: 丙 bing inatoa 病 bing, ugonjwa, 正 zheng inatoa 症 zheng, hali ya ugonjwa, 羊 yang, ambayo peke yake ni kondoo, inatoa 痒 yang, kuwashwa. Kondoo hana lolote la kufanya na upele, amekuja kutoa sauti yake tu. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, lazima ukariri kando, maana kipande cha sauti mara nyingi hakiihifadhi: yang ya kondoo ni toni ya pili, yang ya kuwashwa ni ya tatu.

Cha pili ni 月. Hapa mwanafunzi mpya hushangaa, kwani amefundishwa kuwa huo ni mwezi. Katika herufi za mwili si mwezi, ni 肉, nyama, iliyobanwa kwa kuandikwa upesi mpaka zikafanana. 肝 gan ni ini, sauti inatoka kwa 干 gan. 肚 du ni tumbo, kutoka 土 tu. 腿 tui ni mguu, kutoka 退 tui. 肿 zhong ni kuvimba, kutoka 中 zhong. Siku niliyoshika karatasi ya majibu ya kipimo na kuona 肝肿大, nilisoma moja kwa moja: ini, kuvimba, kubwa. Ini limevimba. Sikuwahi kufundishwa istilahi hiyo kwa Kichina, na bado niliielewa nikiwa nimesimama pale koridoni. Furaha yake naikumbuka vizuri.

Kwenye dirisha la malipo kuna 费 fei, gharama. Chini yake kuna 贝, kauri, yale makombe madogo ya bahari ambayo sisi wa pwani tunayafahamu tangu utotoni. Wachina wa kale waliyathamini sana kama mali, ndiyo maana kipande hiki kimo katika herufi lukuki za fedha: 财 mali, 货 bidhaa, 贵 ghali, 贷 mkopo. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding wa enzi ya kale ya Shang, lilipofukuliwa Anyang mwaka 1976 lilikutwa na kauri zaidi ya 6,000. Bahari iko mbali na Anyang, kwa hiyo kila kombe lilikuwa limesafirishwa.

Anyang iko Henan humohumo, basi siku moja ya mapumziko nilipanda treni kwenda kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa la Maandishi ya Kichina, lililofunguliwa mwaka 2009. Kwa mtu wa tiba historia ya pale inagusa. Wakulima wa kijiji cha Xiaotun walikuwa wakiibua mifupa shambani na kuiuza kwa wenye maduka ya dawa kwa jina la mifupa ya joka, nayo ikisagwa kutibu wagonjwa. Mwaka 1899 msomi Wang Yirong alitambua kuwa michoro iliyochongwa juu yake ni maandishi. Ndiyo maandishi ya Kichina ya kale kuliko yote tunayoweza kusoma kwa uhakika, ya wafalme wa mwisho wa Shang, kuanzia karibu mwaka 1250 KK. Waganga wa mfalme walichoma mifupa ya bega ya ng'ombe na magamba ya tumboni ya kobe mpaka yakapasuka, wakasoma nyufa, wakachonga swali kando: mvua itanyesha? mavuno yatakuwaje? jino la mfalme linaumwa, ni nani aliyemletea maradhi? Nilikaa muda mrefu mbele ya herufi ya meno, 齿. Pale imechorwa waziwazi, kinywa kilichoachama na meno ndani.

Lakini herufi zilizonipa fahari kubwa nilizisoma kwenye kielelezo cha dawa: 青蒿素, qinghaosu, artemisinini. Kila mtu wa kwetu amewahi kumeza dawa mseto ya malaria, na nusu ya nguvu yake imetokana na kiini hicho, ambacho mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake walikipata kwenye mmea wa jamii ya pakanga. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. 青 qing nilikuwa naijua kwa ukoo wake: ikiwa na maji ni 清, safi, ikiwa na jua ni 晴, anga iliyotakata, ikiwa na kauli ni 请, tafadhali, ikiwa na moyo ni 情, hisia. 蒿 ina 艹, majani, juu ya 高 gao, kwa hiyo ni mmea wenye sauti inayokaribia gao: hao. Na ugonjwa wenyewe, 疟疾, malaria, herufi zote mbili zimelala kwenye kile kitanda cha 疒.

Njia hii ina mipaka. Sauti zimehama kwa karne nyingi: 工 ni gong, lakini 江, mto, ni jiang. Ukisoma kwa kukisia tu utapotea, kwa hiyo kila kisio nililihakikisha kwenye kamusi siku ileile. Urahisishaji wa herufi ulioanza kutangazwa mwaka 1956 nao uliondoa baadhi ya vipande. 医, tiba, leo ni mshale ndani ya kasha. Umbo lake la zamani, 醫, lina pia 酉, mtungi wa pombe, kwa kuwa pombe ilikuwa dawa.

Anayeanza leo ningemwomba ashike kwanza vipande kama ishirini hivi: mtu 亻, maji 氵, mkono 扌, moyo 忄, kauli 讠, chakula 饣, majani 艹, chuma 钅, na wenzao. Aandike kwa mkono, akifuata mpangilio wa mistari, juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia. Watu wengi huudharau mpangilio huo kwa kuwa simu inaandika yenyewe. Madaktari wazee huandika kwa kuunganisha mistari, na wanaiunganisha kwa kufuata mpangilio huohuo. Asiyeujua ataona uzi uliosokotana, anayeujua ataona kalamu ilipitia wapi.