Kichwa cha treni, kigeuze chini kwanza

Ba Lubumbashi munaopenda treni za zamani za kuchezea, papa mmoja alinifungulia karto ya vitu vya Bulaya, mulikuwa vichwa viwili vya Märklin, kampuni ya Ujerumani ya treni za kuchezea, rangi inang'aa na bei aliipandisha ju ya hiyo rangi tu. Miye nikavigeuza. Kile cha miaka ya 1930 chasi, ule mwili wa chuma wa chini, imevimba na ina nyufa ndogondogo, ile zinki yake iliingia madini ya risasi (plomb), inajioza toka ndani, na joto na unyevu wa mvua za huku ndo vinaiharakisha, haina dawa, gundi ni kutupa makuta bure. Cha pili magurudumu yanaenda laini, nikakichukua. Ila munaotumia reli mbili za DC (umeme wa njia moja, kama wa betri) musikiguse, chenyewe kinataka umeme wa AC (ule wa kugeuka-geuka) na reli ya tatu katikati.