Ile Martini-Henry iliyogoma kulia

Jirani yangu pale Ohio, mzee mmoja mstaafu, akishajua mimi fundi mashine basi kila kitu chake kikigoma kinaletwa kwangu, mara mashine ya kukatia majani, mara pampu, siku hiyo kaja na bunduki kaiviringisha kwenye blanketi. Martini-Henry bwana! Ile ya jeshi la Uingereza ya kuanzia 1871, ya risasi moja moja, unashusha wenzo wa chini, bloku (kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) inainama mbele, unachomeka risasi, unarudisha wenzo, imeshajikoki yenyewe. Kwa sheria ya shirikisho Marekani bunduki iliyotengenezwa mpaka 1898 ni antiki, kwa hiyo hapo sikuwa na presha.

Shida yake, wenzo unashuka kwa kubembelezwa, na ukivuta triga husikii kitu, pini ya kugonga risasi inatambaa tu ndani. Jamaa yangu wa Tanga aliyekuja kula pilau akaitazama mara moja, "kaka hiyo springi imekufa, mwambie aagize nyingine." Nikamwambia hapana, springi ikifa wenzo unakuwa mwepesi, huu mzito, kuna kitu kinabana.

Kabla ya yote nikaingiza fimbo ya mbao mtutuni mpaka ikagota, nikaweka alama mdomoni, nikailaza kwa nje ya mtutu. Ncha imefika usoni kwa bloku kabisa, maana yake hamna risasi iliyosahaulika humo. Hii hatua siruki hata bunduki iwe ya makumbusho.

Kazi ikaja kwenye skrubu, zile za zamani mfereji wake mwembamba mno na bisibisi za dukani haziingii, ukilazimisha unazichubua, nikachukua bisibisi moja chakavu nikaisugua kwa tupa kidogo kidogo mpaka ikakaa bila kucheza. Pini ya bloku nikaimwagia mafuta ya kulegeza kutu ikalala nayo, asubuhi nikaigonga taratibu na ponchi ya shaba ikatoka.

Ndani ya bloku sasa, loh! Grisi ya kale imechanganyika na masizi imekuwa lami, springi huioni. Baruti nyeusi ndiyo tabia yake, uchafu wake unavuta unyevu, usiposafisha unakula chuma. Nikaitumbukiza kwenye mafuta ya taa, halafu mswaki. Huku jamaa kashafika vita vya Tanga, Novemba 1914, anasema askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, nayo ya risasi moja moja na baruti nyeusi, ukipiga tu moshi unakuchongea ulipo. Hapo hakukosea.

Springi ikatoka nzima kabisa, haina hata ufa. Nikapaka mafuta mepesi, nikarudisha kila kitu, wenzo ukashuka laini, triga: TAK! Nikashusha wenzo tena, ganda tupu tulilojaribia likarushwa nyuma hadi kwenye sinki.

Jamaa akataka tuipige msasa ing'ae, nikamnyang'anya, ile rangi ya kahawia ya uzee ndiyo wanunuzi wanailipia. Mzee nikamwambia asiipige mpaka fundi wa bunduki akague mtutu, akasema ataitundika sebuleni tu. Akauliza anilipe nini, nikamwambia aniachie ile mashine yake mbovu ya majani, nina haja na kabureta.