Jinsi nilivyotatua tatizo la maoni yasiyosaidia kwa wanaoanza kuchora

Wanafunzi wangu walirudia kosa lilelile kila wiki: mdomo wa kikombe ulichorwa ukiwa na ncha kali pande zote mbili, mfano wa jicho. Niliandika maelezo marefu pembezoni, kisha nikasahihisha juu ya michoro yao, jambo lililowavunja moyo zaidi.

Kilichofaulu ni kulaza karatasi nyembamba, inayopitisha mwanga, juu ya mchoro, na kumwomba mwanafunzi azungushe penseli hewani mara mbili, mkono ukisogea kuanzia begani, kabla ya kuchora duara bapa kwa mzunguko mmoja, bila kusimama kwenye ncha. Nami nilinyamaza (si rahisi!) mpaka alipoifunua karatasi na kulinganisha mwenyewe. Sasa ninatoa oni moja tu kwa kila zoezi, na vikombe vimeacha kunikodolea macho.