Nimerudi Kisumu, tumbili wa Milimani sio wale niliowaacha

Miaka kumi na tatu nilikuwa Omaha, Nebraska, sasa niko nyumbani wiki ya tatu, na kilichonishtua si barabara wala bei ya samaki. Ni tumbili.

Mliokulia mtaa wa Milimani mnakumbuka vile ilikuwa, tumbili walikuwa wa kule hifadhi ya wanyama ya Impala Sanctuary na ile miti mikubwa ya upande wa ziwa, ukiinama tu ujifanye unaokota jiwe wote wako juu ya mwembe. Sasa asubuhi ya pili niko jikoni kwa mama, hotipoti ya chapati iko mezani, nasikia komeo la mlango wa grili linasogea. Nikadhani ni mama. Kumbe ni tumbili jike, mtoto amemng'ang'ania tumboni, ameingiza vidole kwa grili na anavuta komeo polepole kama mwenye nyumba. Akaingia, akaniangalia mikono kwanza, sio uso, mikono, akaona sina kitu, akang'oa kifuniko, akachukua chapati mbili akaenda zake. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniambia, "Wuoda (mwanangu), huyo amejua wewe ni mgeni. Mimi akiniona na fagio haingii."

Nimeliwaza hilo siku nyingi. Huyu mnyama tangu zamani anasoma hatari, kule Amboseli watafiti wamesikiliza milio yake tangu miaka ya 1960, ule wa kuonya kuhusu chui ukisikika wanapanda mtini, wa kuonya tai wanatazama juu na kukimbilia kichakani, wa kuonya nyoka wanasimama kwa miguu ya nyuma kuchungulia nyasi. Mtaani kwetu hakuna chui, kwa hivyo akili ile ile sasa inasoma mbwa wa jirani, fagio, na mfuko wa mtu anayetoka supamaketi.

Huko nilikokuwa kuna mbayuwayu wanaojenga viota vya matope chini ya madaraja ya haiwei. Watafiti Charles Brown na Mary Bomberger Brown waliokota waliogongwa na magari kwa miaka 30, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba vifo vimepungua sana ingawa ndege wameongezeka, na waliogongwa walikuwa na mabawa marefu kuliko wenzao. Maelezo yao ni kwamba huenda bawa fupi linamsaidia kupaa wima na kukata kona gari likija, kwa hivyo wenye mafupi ndio wanabaki kuzaa. Hao inaonekana barabara imewabadilisha mpaka mwili. Komeo la mama ni kitu kingine, hilo halirithiwi kwa damu, mtoto analisoma akiwa amemng'ang'ania mamake tumboni, anatazama vidole vya mamake.

Na ni sisi tuliowasomesha. Tumekata miti tukajenga magorofa, taka iko wazi kila kona, halafu watu wanawarushia ndizi kwa dirisha la gari ndio wapate picha. Mimi pia nilirusha nikiwa mdogo, na inaniuma.

Kwa hivyo wewe unayerudi, tia kufuli, komeo peke yake halisaidii. Ndoo ya taka iwe na kifuniko kinachobana. Usiwalishe hata ganda. Usimzuie njia mwenye mtoto, na akikung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu uende hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa si mchezo.

Na sumu hapana. Wiki iliyopita mtu hapa mtaani ametega mkate wenye dawa juu ya ukuta. Yule jike wa chapati hakuula, mtoto ndiye aliula. Siku mbili nzima amembeba, mkono mmoja kwa ukuta, mwingine umeshika huyo mtoto, anamweka chini, anamchambua manyoya, anamwinua tena. Jana jioni alipita kwa grili ya mama, na hakugusa komeo.