Historia ya Saa ya Zamani Huanzia Kwenye Namba

Muuzaji akikwambia saa hii ilikuwa ya babu yake rubani, muache babu kwanza. Tafuta namba. Hati isiyofungamana na namba au alama iliyo kwenye saa yenyewe inaweza kubandikwa kwenye saa yoyote, na ndivyo hadithi nyingi zinavyouzwa.

Kwenye Rolex za zamani, fundi akitoa mkanda utaona namba ya saa imechongwa kati ya masikio ya bodi (pembe zinazoshika mkanda), upande wa 6, na namba ya modeli upande wa 12. Kwa Omega na Longines, namba unayoihitaji iko kwenye mashine, kwa hiyo lazima mfuniko wa nyuma ufunguliwe. Mwambie fundi asifute chochote ndani. Kwenye mifuniko mingi ya Rolex ya miaka ya 1950 na 1960 kuna muhuri kama "II 62", yaani robo ya pili ya 1962. Pembeni yake huwa kuna mikwaruzo midogo ya herufi na tarehe: hizo ni kumbukumbu za mafundi waliowahi kuihudumia. Zipige picha kwa mwanga wa kutoka ubavuni, maana mwanga wa moja kwa moja huimeza mikwaruzo. Andika namba ya bodi na ya mashine, zote mbili, kwa sababu mashine huhamishwa.

Ukishapata namba, uliza kiwandani. Longines, huko Saint-Imier, Uswisi, hutafuta namba ya mashine katika madaftari yao na kukueleza saa ilipelekwa lini na kwa wakala gani. Patek Philippe hutoa dondoo yenye tarehe ya kutengenezwa na ya kuuzwa, bila jina la mnunuzi. Rolex haitoi huduma hiyo. Lakini dondoo huthibitisha kilichotoka kiwandani, si ulichoshika mkononi. Omega Speedmaster iliyouzwa mnadani Geneva mwaka 2021 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi ilikuja kutajwa na Omega yenyewe, mwaka 2023, kuwa imeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali.

Pale kiwanda kinaponyamaza, ushahidi wa watu ndio unaobeba mzigo. Rolex Daytona ya Paul Newman, mwigizaji wa Marekani, ilinunuliwa mnadani New York mwaka 2017 kwa dola 17,752,500. Mfuniko wake umechongwa maneno ya mkewe, "DRIVE CAREFULLY ME". Aliyepewa saa hiyo na Newman mwaka 1984, James Cox, ndiye aliyeitoa iuzwe. Na Nell, binti wa Newman, aliandika barua kuthibitisha. Mnyororo mfupi, kila pete ina jina.

Saa zenye nembo ya khanjari, yaani jambia, ya Oman zinataka umakini zaidi. Sultan Qaboos aliziagiza kupitia duka la Asprey la London na kuzitoa zawadi, na kwa kuwa nembo hiyo huongeza bei sana, watu huichapa kwenye nyuso za saa za kawaida. Itazame kwa lenzi ya fundi: kingo za wino zilizovujavuja ni dalili mbaya. Kisha dai jina la aliyezawadiwa, kazi aliyoifanya Oman na miaka yake, na picha akiwa ameivaa kama ipo. Huenda familia za Waomani waliotoka Zanzibar zina picha za namna hiyo kwenye albamu. Ziulizieni wazee wakiwa hai.

Maelezo ya mmiliki yaandikwe kwenye karatasi moja: jina, namba mbili za saa, aliipata lini na kwa nani, imehudumiwa na fundi wapi, sahihi na tarehe. Aliyoyaona mwenyewe yakae juu. Aliyoyasikia yakae chini, na kichwa cha habari chake peke yake. Ukiyachanganya, mnunuzi makini atayatilia shaka yote.

Risiti za karatasi ya joto (zile zinazochapwa bila wino) hufifia, zitoe nakala siku hiyo hiyo. Usitumie gundi wala kulaminisha. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini. Saa ikienda matengenezo, dai kila kipuri kilichotolewa, hasa uso na akrabu, ukiweke kwenye kifuko chenye tarehe na namba ya saa. Na mkataze fundi kupiga polishi mfuniko uliochongwa: maandishi yakipungua kina hayarudi.