Oili ya Turbo Katika Joto la Mombasa: Nilikosea Mara Mbili

Subaru Impreza WRX yangu iliteremshwa bandarini Kilindini kutoka Japani ikiwa imetembea kilomita 86,000, na chini ya boneti yake kulikuwa na kibandiko kidogo cha Kijapani ambacho hakuna mtu hapa Tudor aliyeweza kukisoma. Nilimuuliza fundi wangu, mzee aliyeanza kufungua injini kabla mimi sijazaliwa, niitilie oili gani. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Huku kwetu ni joto, mwanangu. Tia nzito." Nikatia 20W-50. Kwa miezi minne injini hiyo ya lita 2.0 ikawa inagonga kila asubuhi kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, nami nikajiaminisha kwamba hiyo ndiyo sauti ya Subaru.

Kosa la pili lilikuwa upande wa pili kabisa. Muuzaji mmoja wa vipuri alinishawishi kwamba oili nyepesi ndiyo ya kisasa, kwa kuwa magari mapya ya Kijapani hutumia 0W-20, na mimi nikaona amesema la maana. Asubuhi injini ilinyamaza kweli. Lakini siku nilipokuwa nikielekea Nairobi mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imepamba moto, nilipanda kilima cha Mazeras nyuma ya malori ya makontena, nikiyapita moja moja kwa kukanyaga turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, na nilipofika kwenye foleni ya Mariakani geji ya joto la oili ilikuwa inasoma nyuzi 121 za Selsiasi huku presha ya oili, gari likiwa linanguruma tu bila kwenda, imeshuka hadi pauni 8 kwa inchi mraba. Nilizima, nikasubiri ipoe, nikageuza gari na kurudi nyumbani polepole. Safari ya Nairobi niliimalizia kwa treni.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa chini kujifunza maana ya nambari zile, jambo ambalo ningelifanya mwanzo ningeokoa pesa za oili mara mbili. Nambari ya kwanza, ile iliyo kabla ya W, inahusu baridi, kwani herufi hiyo ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi kali. Oili ya 5W hupimwa jinsi inavyoiachia injini izunguke kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Mtu wa Mombasa akisikia hivyo hucheka, maana hata wakati wa kusi, mwezi wa Julai, sisi tukiwa tumejifunika shuka na kulalamika, hewa haishuki sana chini ya nyuzi 20. Hapo ndipo mzee wangu alipoteleza, nami nikateleza naye. Injini haijali kama wewe unasikia baridi. Kwake yeye baridi ni kila kitu kilicho chini ya joto lake la kazi, ambalo ni karibu nyuzi 100. Oili ya kawaida ya 20W-50 kwenye nyuzi 40 huwa nzito takriban mara tisa kuliko ilivyo kwenye nyuzi 100, ilhali 5W-40 huwa nzito takriban mara sita tu, na pia huanzia chini zaidi. Kwa hiyo ule mgongano wa asubuhi ulitokea kwa sababu oili nzito ilichelewa kufika juu, hata katika mji ambao haujawahi kuona barafu isipokuwa ile ya kupozea samaki.

Nambari ya pili ndiyo inayoeleza uzito wa oili injini ikiwa imepata moto. Kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kinataka oili ya 30 iwe kati ya 9.3 na 12.5 za sentistoki (kizio cha uzito wa kimiminika) kwenye nyuzi 100, ya 40 iwe kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 iwe kati ya 16.3 na 21.9. Hata hivyo nambari hii nayo haisemi yote, na kwa gari lenye nguvu hapa ndipo penye kiini cha mambo. Ndani ya beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, oili hubanwa kuwa utando mwembamba mno unaosuguliwa kwa kasi kubwa na katika joto linalozidi lile la kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kuna kipimo kingine cha uzito kinachoiga hali hiyo kwenye nyuzi 150, na ndicho kinachotenganisha oili zinazoonekana sawa kwenye kibandiko. Oili ya 5W-30 iliyotengenezwa kwa kupunguza matumizi ya petroli inaweza kuwa na 2.9 tu katika kipimo hicho, ilhali 5W-30 nyingine, yenye alama ya ACEA A3/B4, kiwango cha watengenezaji magari wa Ulaya, nyuma ya mkebe, lazima ifike angalau 3.5. Mikebe miwili, nambari ileile mbele, injini moja itafurahi na nyingine itakula beringi. Tangu nijue hivyo, dukani huwa naugeuza mkebe kwanza nisome nyuma, na muuzaji aliyezoea kuuza kwa rangi ya mkebe huniona msumbufu.

Turbo inaongeza shida yake. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya oili hiyohiyo ya injini, na ukizima gari ghafla baada ya kulikimbiza, oili iliyosimama ndani yake huungua na kuacha masizi magumu kama yale ya chini ya sufuria ya pilau. Masizi hayo huziba mirija myembamba, na kwenye Subaru za aina yangu kuna vichujio vidogo katika bolti za mirija ya oili ambavyo huziba kabla hujajua. Oili ya sintetiki, yaani iliyoundwa kiwandani kwa kemia, hustahimili moto huo vizuri zaidi, ingawa neno lenyewe si la kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa: tangu mvutano wa matangazo kati ya kampuni za oili za Mobil na Castrol ulioamuliwa huko Marekani mwaka 1999, hata oili iliyosafishwa sana kutoka kwenye mafuta ghafi imeruhusiwa kuitwa sintetiki. Nyingi kati ya hizo ni nzuri, mimi mwenyewe nazitumia, ila bei yake isikutishe wala isikudanganye.

Nilichochagua mwishowe ni 5W-40 yenye alama ya API SN, kiwango cha taasisi ya petroli ya Marekani, na ile ya ACEA A3/B4. Asubuhi injini inanguruma bila kugonga, na kwenye kilima kilekile cha Mazeras, joto likiwa nyuzi 116, presha haikushuka chini ya pauni 15 gari likiwa limesimama. Sisemi kila mtu atie hiyo. Jirani yangu wa Nyali ana Golf GTI, na kwake yeye swali si uzito bali kibali cha Volkswagen cha 502 00. Ikiwa injini yake inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, API SP iliyotoka mwaka 2020 inamfaa kuliko inavyonifaa mimi, kwa sababu imepimwa dhidi ya mlipuko wa mapema unaozivunja pistoni za injini ndogo za turbo zikiwa kwenye mzunguko wa chini. Na mwenye BMW M3 ya zamani ya toleo la E46 asishangae kuambiwa 10W-60, maana BMW wenyewe ndio walioiagiza kwa injini ile. Kijana mwingine alisoma habari hiyo akaitia 10W-60 Vitz yake, na sasa analalamika kwamba gari limekuwa zito. Nilimhurumia, lakini nilicheka.

Jambo linalonisumbua zaidi ya nambari zote ni oili bandia. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa siitii hata kwenye mashine ya kukatia nyasi. Mkebe nao nautazama mfuniko, pete ya mfuniko kama haijakatwa, tarehe iliyochapishwa kwenye plastiki, na stika ya Shirika la Viwango, kisha nikishautumia nautoboa kwa msumari kabla ya kuutupa, ili usije ukarudi dukani umejazwa kitu kingine.

Muda wa kubadilisha kwangu ni kilomita 5,000, kwa sababu safari zangu nyingi ni fupi, kutoka Tudor hadi Kilindini na kurudi, na injini isiyopata moto wa kutosha huacha petroli na unyevu vikijichanganya na oili. Unyevu tunao wa kugawa. Injini hizi pia hunywa oili, kwa hiyo kila Jumamosi nachomoa kijiti cha kupimia, ambacho aliyekibuni hakuwa na nia njema, kwani upande mmoja husoma tofauti na mwingine. Nami huuamini ule unaosoma chini.

Mzee wangu sasa hunipigia simu kuniuliza kabla ya kuitilia oili gari lolote lenye turbo. Matatu za kale anazozihudumia bado anazitia 20W-50, na kwa injini zile zilizochakaa, zinazofuka moshi hadi Mwembe Tayari, simpingi. Langu limebakiza kilomita 1,200 kabla ya kubadilishwa oili, na asubuhi hii kijiti kimesoma robo tatu.